Mitungi minne ya gesi ya 22: kisa cha mtambo wa barafu kwenye mwalo mmoja wa Ghuba ya Mwanza

Nimeandika kisa hiki kwa ajili ya mafundi majokofu, maofisa uvuvi wa kata na viongozi wa vikundi vya mialo, yaani sehemu za ufukweni ambako mitumbwi ya uvuvi hushusha samaki. Majina ya watu, ya kikundi na ya mwalo wenyewe nimeyaondoa, na mambo machache madogo ambayo yangemtambulisha mtu nimeyabadilisha. Mimi niliitwa kama mkufunzi wa mafundi. Nilisikilizwa kikaoni, lakini kura haikuwa yangu.

## Usuli

Kikundi kina wanachama thelathini na ushei: wenye mitumbwi, wachuuzi, kinamama wanaoanika dagaa na wanaokaanga samaki, na vijana wa kubeba kreti. Mali yao kubwa ni mtambo wa kutengeneza barafu ya mapande, walioununua ukiwa umeshatumika. Unaendeshwa na R-22, ambayo hapa kwetu kila fundi huiita gesi ya 22. Ujazo wake kamili ni kilo 24. Pembeni yake kuna chumba kidogo cha baridi chenye mashine yake, kilo 6 za gesi hiyo hiyo.

Asiyeishi mwaloni hawezi kujua barafu ni nini kwa watu hawa. Mtumbwi ukienda visiwani siku mbili tatu bila barafu ya kutosha, sangara anarudi amelainika. Sangara wa namna hiyo kiwanda hakimpokei. Anaishia kuwa kayabo, samaki wa kutiwa chumvi na kukaushwa, kwa bei ya kutupa. Na kadiri joto linavyoongezeka, muda wa kuharibika unafupika na barafu inayeyuka haraka zaidi, kwa hiyo mvuvi anahitaji mapande mengi zaidi kwa safari ile ile.

Sababu ya pili ya kisa hiki ni ziwa lenyewe. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na takriban asilimia 80 ya maji yanayoliingia ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Ziwa pana na lisilo na kina kirefu namna hiyo huitikia mvua upesi. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 ziliendelea hadi 2020, na Mei mwaka huo maji yakapita kiwango cha juu kilichowekwa 1964. Uchambuzi wa wanasayansi uliochapishwa 2024 ulikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yalifanya kupanda kwa kasi namna ile kuwe na uwezekano wa takriban mara 1.8 zaidi ya ambavyo kungekuwa bila mabadiliko hayo.

Kwenye mwalo wetu maji yaliingia ndani ya banda. Wanachama waliuhamisha mtambo kwa mikono na kamba ndani ya siku mbili, hatua kama sitini kupanda juu. Mabomba ya shaba yalikatwa kwa msumeno wa chuma na kuunganishwa upya kule juu haraka haraka, bila nitrojeni ndani ya bomba wakati wa kuchomelea na bila kupima uvujaji baadaye. Gesi yote iliyokuwamo iliachiwa hewani kabla ya kukata. Hakuna aliyeona kosa. Barafu ilipatikana tena ndani ya wiki moja na watu walishukuru.

## Mfuatano wa matukio

Kuanzia 2021 mtambo ukawa unadai gesi. Fundi aliyekuwa akiuhudumia, kijana mchapakazi na mwaminifu, alikuwa akija na mtungi, anafunga geji, anajaza mpaka baridi inarudi, analipwa, anaondoka. Mtungi mmoja wa gesi ya 22 una kilo 13.6. Mweka hazina alikuwa na daftari, na nilipolisoma baadaye nilikuta kwamba katika miezi kumi na miwili kabla ya kuitwa kwangu walikuwa wamenunua mitungi minne. Hiyo ni kilo 54.4. Yaani mtambo wenye ujazo wa kilo 24 ulikuwa umepoteza gesi yake yote zaidi ya mara mbili kwa mwaka mmoja, na kwenye daftari jambo hilo liliandikwa kila mara kwa maneno yale yale: "Matengenezo ya kawaida."

Bei nayo ilikuwa inapanda. Wanachama walidhani ni tamaa ya wenye maduka. Kumbe chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, ile hewa ya juu angani inayochuja mionzi mikali ya jua, nchi zinazoendelea zilikubali kusimamisha ongezeko la matumizi ya kundi la gesi ambamo gesi ya 22 imo mwaka 2013, kuyapunguza kwa asilimia 10 ifikapo 2015, asilimia 35 ifikapo 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025, na kufikia mwisho 2030 isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine za zamani. Tanzania iliingia kwenye itifaki hiyo mwaka 1993. Bidhaa inayopunguzwa kwa ratiba namna hiyo haiwezi kubaki na bei ile ile. Hakuna aliyewahi kuwaeleza.

Septemba 2023, siku za jua kavu kabla ya vuli, mtambo ulisimama. Kompresa ilikuwa inawaka na kuzima, na barafu haikuganda. Mitumbwi miwili ilirudi na mzigo ulioharibika. Kesho yake nikapigiwa simu.

Nilipofika nilikuta kikao kimeshaanza chini ya mwembe. Baada ya "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, na kupewa kigoda, mzee mmoja, mvuvi wa miaka mingi, alisimama. Maneno yake nayakumbuka vizuri kwa sababu yaliugeuza mjadala wote.

"Mwalimu, sisi tumelivua ziwa hili tangu hujazaliwa. Zamani tulikaa juani kutwa nzima. Siku hizi jua linachoma kama pasi. Tumeambiwa kuna tundu angani, na tundu lenyewe liko hapa juu yetu. Kwa hiyo maji yamepata moto, samaki wamekimbilia mbali, na barafu haigandi. Sasa tuambie, tundu hilo linazibwa lini?"

Kikao kilikubaliana naye. Katibu, aliyekuwa amesoma kidogo kuhusu jambo hili, akaongeza kwamba gesi ya 22 ndiyo inayotoboa anga, hivyo wakibadilisha kwenda 404, gesi isiyotoboa, watakuwa wameondoka kwenye lawama na pia kwenye bei. Fundi akasema anaweza kuifanya kazi hiyo siku hiyo hiyo: anafungua, anaachia kilichobaki, anajaza 404. Mchuuzi mmoja akasema kuna fundi wa mjini anayejaza gesi ya 290 kwenye mashine yoyote, tena kwa bei nafuu.

Ndipo nikafanya kosa nitakalolieleza kwenye uchambuzi: nilianza kwa kumsahihisha mzee mbele ya watu.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoachia gesi iliyobaki. Huu ndio ulioleta ubishi mkubwa kuliko yote, kwa sababu kuachia gesi ni dakika kumi na hakuna gharama, wakati kuikusanya kunahitaji mashine ya kuvuta gesi, mtungi imara wa kukusanyia ambao haujazwi zaidi ya asilimia 80, na mzani. Kikundi hakikuwa na chochote kati ya hivyo. Tuliazima kutoka kwenye chuo kimoja cha ufundi, na tukasubiri siku tatu. Siku tatu bila barafu ni hasara ya kweli, na sikuwalaumu waliolalamika.

Kilichowashawishi kilikuwa hesabu ambayo mweka hazina aliifanya mwenyewe. Kilo moja ya R-22, kwa kipimo cha miaka 100, hunasa joto kama kilo 1,810 hivi za hewa ukaa. Mitungi minne ya mwaka ule, kilo 54.4, ni sawa na takriban tani 98 za hewa ukaa. Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa kilo 2.68 hivi. Mama yule aliandika, akagawa, akarudia, kisha akakisomea kikao: gesi iliyotoroka mwaka mmoja kwenye mtambo wao ni kama kuchoma zaidi ya lita 36,000 za dizeli. Hakuna mtumbwi wa mwalo ule uliowahi kuona mafuta kiasi hicho. Kikao kilinyamaza. Mimi sikusema neno.

Tulipovuta, tulipata kilo 11. Kati ya 24.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutafuta panapovuja kabla ya kujaza chochote. Tulijaza nitrojeni kavu kwa shinikizo, tukapitisha povu la sabuni kwenye kila kiungo, tukauacha mtambo usiku kucha huku geji zikitazamwa. Tulikuta sehemu tatu. Ya kwanza ni nati iliyokazwa kupita kiasi hadi mdomo wa bomba ukapasuka, ya pili ni bomba lililokuwa linasuguana na fremu kila kompresa inapotikisika, na ya tatu ni ile valvu ndogo ya kujazia, ambayo haikuwa na kifuniko. Mbili za kwanza zilitokana na kuhamishwa kwa mtambo 2020. Ya tatu ilitokana na kujazwajazwa kwenyewe: kila mara geji ilipofungwa na kufunguliwa, valvu ilizidi kuchakaa. Dawa ilikuwa sehemu ya ugonjwa.

Uamuzi wa tatu: kukataa 404. Katibu alikuwa na hoja ya kweli. R-404A haina klorini, kwa hiyo haigusi ozoni. Lakini kwa joto ni nzito kuliko ile anayotaka kuikimbia, kama mara 3,922 ya hewa ukaa, zaidi ya maradufu ya R-22. Kilo 24 za gesi ya 22 zikitoroka ni tani 43 za hewa ukaa. Kilo 24 za 404 ni tani 94. Na kama viungo havijatengenezwa, zitatoroka tu. Mbali na hilo, mafuta ya kompresa ya gesi ya 22 hayaelewani na 404. Yasipobadilishwa, kompresa haifiki mbali. Dunia yenyewe ilishapita kwenye kosa hili. Ilipoziacha gesi zenye klorini ilikimbilia gesi za aina hii, ikaokoa ozoni na kuongeza joto, mpaka Oktoba 2016 nchi zilipokutana Kigali, kwa jirani zetu wa magharibi, zikaongeza kwenye itifaki marekebisho ya kupunguza hizo nazo. Kwa nchi nyingi zinazoendelea usimamishaji wa ongezeko ulipangwa kuanza 2024. Kikundi kingehamia kwenye gesi ambayo nayo imeshawekewa ratiba ya kupunguzwa.

Uamuzi wa nne ulikuwa kukataa kujaza 290 kwenye mtambo ule. Hapa nilisema kwa ukali, na bado naamini nilipaswa. Gesi ya 290 ni propani safi. Kwa ozoni haina madhara, kwa joto karibu haina lolote, na mashine zilizotengenezwa kwa ajili yake ni nzuri. Lakini inawaka moto, ni nzito kuliko hewa hivyo hulala chini, na ile ya majokofu haina harufu ya kukuonya. Majokofu ya biashara yanayotoka kiwandani na gesi hiyo yana chini ya nusu kilo, na swichi zake zimetengenezwa zisitoe cheche. Kuweka kilo kumi na kitu kwenye mtambo wa zamani wa 22 unaovuja, ndani ya banda lililo hatua chache kutoka kwenye majiko ya kukaangia samaki, ni kutafuta msiba. Yule fundi wa mjini sikuwahi kumwona. Namwomba asome hapa.

Basi tukabaki na gesi ya 22, kwenye mtambo uliozibwa vizuri, tukirudisha kilo 11 zilizovutwa na kuongeza mtungi mmoja, huku kikundi kikianza kuweka akiba ya kununua mashine mpya. Kwa mtu wa mazingira uamuzi huo unaweza kuonekana wa aibu, kubaki na gesi inayokula ozoni. Mimi naona ulikuwa sahihi kwa siku ile. Gesi iliyo ndani ya bomba haidhuru anga.

Tuliongeza mambo mawili madogo. Kondensa, sehemu ya mtambo inayotoa joto nje, ilikuwa imekaa juani ikipulizwa na hewa ya moto kutoka kwenye bati. Ikajengewa kivuli cha makuti na kusafishwa magamba ya samaki na vumbi. Na daftari likapata safu mpya: kilo zilizoingia, kilo zilizotoka, na zimekwenda wapi.

## Suala la binti wa dagaa

Hili halikuwa kwenye ajenda, na lilinigusa kuliko mengine.

Kati ya kinamama wanaoanika dagaa alikuwamo binti mwenye ualbino. Miezi kadhaa kabla ya kikao viongozi, kwa nia njema kabisa, walikuwa wamemwambia akae nyumbani "mpaka tundu lizibe". Alikuwa amepoteza kipato cha msimu mzima akisubiri jambo ambalo halikuwa linahusu anga la juu yake.

Ukweli ni huu. Tundu la ozoni hufunguka kila mwaka, kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba au Desemba, juu ya Antaktika, zaidi ya kilomita 7,000 kusini mwa Mwanza. Juu ya ukanda wetu wa ikweta upungufu wa ozoni umekuwa mdogo kiasi kwamba ni vigumu hata kuutofautisha na mabadiliko ya kawaida ya mwaka hadi mwaka. Lakini tabaka la ozoni juu ya ikweta kwa asili ni jembamba. Ukikusanya ozoni yote iliyo juu ya kichwa chako na kuileta chini kwenye usawa wa bahari, wastani wa dunia ni unene wa milimita 3 hivi, na kwetu ni pungufu ya hapo. Jua linapita utosini, na uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ya kuchuja mionzi ni chache zaidi. Mionzi ya urujuanimno Mwanza ni mikali mwaka mzima, ilikuwa mikali enzi za babu zetu, na itakuwa mikali hata tundu la Antaktika likishapona.

Kwa binti huyu maana yake ilikuwa wazi. Hakuna cha kusubiri, na kinga inahitajika siku zote. Kikundi kilimpa kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kikamhamishia kwenye upimaji na ufungashaji chini ya paa, na uanikaji kwenye vichanja akaufanya kabla ya saa tatu asubuhi tu. Alirudi kazini wiki iliyofuata.

## Matokeo

Katika miezi kumi na miwili baada ya matengenezo mtambo uliongezewa chini ya nusu mtungi, ukilinganisha na minne. Barafu iliongezeka kidogo, na kwa maoni yangu kile kivuli cha makuti kimechangia kuliko tunavyokipa sifa. Mei 2024 ziwa lilipanda tena na kupita hata kiwango cha 2020. Maji yalisimama hatua chache chini ya banda. Safari hii hakuna aliyegusa bomba.

Katikati ya 2024 akiba ilitosha kuondoa mashine ya chumba cha baridi na kuweka mbili ndogo za gesi ya 290, zilizotoka kiwandani hivyo, mbali na majiko. Gesi ya mashine ya zamani, kilo 6, ilivutwa vizuri ikawekwa kwenye mtungi wa kukusanyia, na mtungi ukafungiwa stoo.

Miezi miwili baadaye kijana msaidizi, akihitaji mtungi mtupu kwa kazi nyingine, aliufungua nyuma ya banda na kuuacha upige mluzi mpaka ukanyamaza. Kilo 6, sawa na tani 10 na ushei za hewa ukaa. Hakuwa na ubaya wowote. Hakuna aliyemwambia ndani ya mtungi ule kuna nini, na haukuwa na hata alama ya chaki.

## Uchambuzi

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini kijana yule angeona hatari kumwaga ndoo ya oili chafu ziwani lakini hakuona kitu kufungua mtungi. Oili inaonekana, na inabaki hapo hapo ulipoimwaga. Gesi haina rangi, na madhara yake yanakwenda mbali kisha yanarudi kwa njia nyingine. Hapa ndipo ozoni na tabianchi zinapokutana, na ndipo elimu yetu kwa mafundi inapopwaya, kwa sababu tunazifundisha kama masomo mawili.

Hewa ya chini huingia kwenye stratosfia, lile tabaka la juu lenye ozoni, hasa kupitia ukanda wa tropiki. Joto la ikweta huinua hewa, inapanda polepole, kisha inasambaa kuelekea ncha za dunia. Kwa maneno mengine, sisi wa Mwanza tunaishi chini ya mlango. R-22 hudumu hewani kama miaka 12, na nyingi huvunjikia huku chini. Sehemu inayofanikiwa kupanda ndiyo inayoachia klorini yake huko juu. Nguvu yake ya kula ozoni ni 0.055 ukiichukulia ile ya R-11, gesi ya zamani inayotumiwa kama kipimo, kuwa 1, hivyo mitungi yetu minne ilikuwa sawa na kilo 3 za R-11. Ni kidogo, lakini mialo na mabucha yenye mashine za namna hii ni mengi. Madhara ya ozoni huonekana zaidi nchani. Joto ndilo linaloturudia sisi wenyewe.

Halafu mambo haya mawili yanashikana. Gesijoto hupasha moto hewa ya chini, lakini kule stratosfia hewa ukaa inafanya kinyume: inapapoza. Kwenye sehemu za juu kabisa baridi hiyo hupunguza kasi ya kuharibika kwa ozoni. Juu ya Antaktika baridi ndiyo inayotengeneza mawingu ambayo juu yake klorini huamka na kula ozoni. Na kwa ukanda wetu, mifano ya kompyuta inaonyesha kwamba dunia ikizidi kupata joto ule upandaji wa hewa unaongezeka kasi, na ozoni ya sehemu ya chini ya stratosfia juu ya tropiki inapungua kidogo. Maana yake ni nzito: dunia kwa ujumla inatarajiwa kurudi kwenye ozoni ya 1980 karibu na mwaka 2040, na Antaktika karibu na 2066, lakini juu ya Mwanza ozoni ya miongo ijayo inategemea gesijoto kama inavyotegemea klorini. Mzee hakukosea aliposema joto la maji na anga vinahusiana. Alikosea njia tu.

Kuhusu ziwa lenyewe nilijilazimisha kuwa mwangalifu. Ni rahisi kusema mionzi inaua viumbe wa majini na kuishia hapo. Katika maji maangavu mionzi hiyo hupenya na kudhuru mimea midogo na mayai ya samaki. Ghuba ya Mwanza si maji maangavu. Rangi yake ya kijani, ya mwani unaolishwa na mbolea na majitaka, huizuia mionzi karibu kabisa na uso. Kinacholisumbua ziwa letu zaidi ni joto na uchafu kwa pamoja: maji ya juu yakipata moto yanakuwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini, na kule chini oksijeni inakwisha. Sangara anahitaji oksijeni nyingi kuliko furu na dagaa, hivyo eneo lake linabana. Mvuvi anamfuata mbali zaidi, safari inarefuka, barafu inahitajika zaidi, na mtambo unaovuja unavuja zaidi. Nikikutana na kikundi chenye fedha kidogo siwaambii waogope mionzi kwenye maji. Nawaambia wazibe bomba, wazuie majitaka, na kofia ziwe za watu.

Kilichofaulu ni kutanguliza uvujaji kabla ya jina la gesi. Kikao kizima kilikuwa kinabishania gesi ipi, wakati tatizo lilikuwa nati iliyopasuka. Hesabu ya dizeli nayo ilifaulu kwa sababu aliyeifanya alikuwa mweka hazina wao, kwa kalamu yake, kwa lugha ya kitu wanachokinunua kila asubuhi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa lile la mwembeni. Nilimwambia mzee mbele ya wajukuu zake kwamba tundu haliko Mwanza, liko Antaktika. Ni kweli, lakini kikao kilisikia kitu kingine: kwamba hakuna tatizo, na kwamba mzee ni mjinga. Ilinichukua karibu saa nzima kuwarudisha. Ningeanza na alichokiona yeye, jua kali, maji ya moto, samaki mbali, nikakubali kwamba vyote ni vya kweli, ndipo nikaeleza kila kimoja kinatoka wapi. Baadaye nilimfuata nyumbani kwake nikamwomba radhi. Aliniambia, "Mwanangu, ukweli nao una namna ya kubishiwa hodi." Sasa ndiye anayewakumbusha vijana kuweka kifuniko kwenye valvu ya kujazia.

Kosa la pili ni la kilo 6. Tulifundisha fundi, tukafundisha viongozi, tukamwacha anayeshika spana ya stoo. Tena hatukuwa tumepanga gesi iliyokusanywa iende wapi. Katika wiki zile hatukupata karibu nasi mahali pa kuipeleka ikasafishwe au iharibiwe kwa usalama, na mtungi uliokosa pa kwenda hukaa stoo mpaka mtu auhitaji. Siku hizi kila mtungi una jina la gesi, kilo na tarehe kwa rangi nyekundu, na ufunguo wa stoo anao mweka hazina.

Mtambo mkubwa bado unafanya kazi, na ndani yake kuna kilo 24 za gesi ya 22. Kikundi kimepanga kuuzima kabla ya 2030. Siku hiyo zitahitajika nafasi za kilo 24 kwenye mitungi imara, mashine ya kuvutia na gari la kuzipeleka panapostahili. Hadi ninapoandika, kimenunuliwa kimoja tu kati ya hivyo: mtungi mmoja, wa kilo 12.